Fundi wa ukungu ametaja bei kabla ya kutafuta maji: umlipe?

Swali. Habari za kazi. Nyumba yetu iko Chumbageni, Tanga, vyumba vitatu na sebule, ya matofali ya saruji. Tangu masika yaishe, chumba cha watoto kina madoa meusi nyuma ya kabati na juu kwenye kona. Sebuleni rangi ya chini inabanduka na kutoa unga mweupe. Wiki iliyopita walikuja vijana wawili wenye sare na kipimo kinacholia. Wakasema ni ukungu mweusi wa sumu, nyumba nzima imeathirika, tuhame siku mbili wapulize dawa kutoka nje. Bei Sh 1,850,000, asilimia 70 kianzio, dhamana miaka kumi, na bei hiyo ni ya wiki hii tu. Mwanangu mdogo ana pumu, ndiyo maana nina hofu. Niwalipe? Na kama si hawa, nitamjuaje anayeijua kazi?

Jibu. Dada, usiwalipe. Kwa maelezo yako kuna matatizo mawili ndani ya nyumba moja, kila moja na chanzo chake, na vijana hao wameyafunika yote kwa jina moja na pampu moja ya dawa. Baya zaidi, wametaja bei bila kuuliza maji yanatoka wapi. Ukungu hauoti pasipo maji, na ukuta ukilowa unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Anayeuza dawa kabla ya kuyatafuta maji anakuuzia wiki chache za ukuta mweupe.

Tuanze sebuleni. Rangi inayobanduka kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti au kiuno, pamoja na unga mweupe, mara nyingi si ukungu hata kidogo. Ni chumvi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Yakifika usoni pa ukuta yanakauka, chumvi iliyokuwa imeyeyuka humo inabaki, inaganda chini ya rangi, inaisukuma, na rangi inaachia. Mafundi wengi na hata wauza rangi huiita fangasi, na ukienda dukani kuulizia dawa ya fangasi utauziwa. Lakini chumvi haina uhai, kwa hiyo hakuna dawa ya kuiua. Kwa miji ya pwani sababu zake ni zilezile: mchanga wa baharini uliotiwa kwenye plasta bila kuoshwa, msingi usiowekewa nailoni ya kuzuia unyevu, udongo wa uani uliopanda mpaka ukazidi usawa wa sakafu baada ya miaka ya kumwaga kifusi, na maji ya bati yanayoanguka mguuni pa ukuta kwa kuwa hakuna gata.

Chumba cha watoto ndicho chenye ukungu wenyewe. Kabati lililosukumwa mpaka likagusa ukuta wa nje limefunga hewa. Usiku ukuta huo unapoa kuliko hewa ya chumbani, na hewa ya Tanga imejaa mvuke karibu mwaka mzima, hivyo mvuke unatua ukutani na haupati pa kukaukia. Kona ya juu ni vivyo hivyo, ila ukiona doa lenye duara la rangi ya kahawia, hapo mpandishe mtu darini aangalie bati na misumari yake.

Haya unaweza kuyathibitisha leo. Nyunyizia maji kidogo kwenye ule unga mweupe: chumvi itayeyuka na kupotea machoni, kisha itarudi ukuta ukikauka. Ukungu hauyeyuki. Kwenye doa jeusi dondoshea tone moja la Jik. Likififia ndani ya dakika moja au mbili ni ukungu, likibaki jeusi ni masizi au uchafu.

Kile kipimo kinacholia

Kifaa walichokuja nacho, kama ni kile cha sindano mbili, ni kipimo cha unyevu. Ni kifaa cha halali na fundi mzuri anaweza kuwa nacho. Kinapitisha umeme mdogo kati ya sindano. Ukuta ukiwa na maji umeme unapita kwa urahisi, namba inapanda, kengele inalia. Tatizo ni kwamba chumvi nayo inapitisha umeme. Ukikichomeka kwenye ukuta wako wa sebuleni kitalia hata baada ya ukuta kukauka, na kitalia pia kikikutana na waya au nondo. Na hakuna namna ambayo kifaa hicho kinapima ukungu, sembuse sumu.

Utamtambua anayekijua kwa jinsi anavyokitumia. Anaanza kwenye ukuta wa ndani ambao mnajua ni mkavu, anaandika namba yake. Kisha anapima ukuta mbovu kuanzia sakafuni, kila sentimita 30 kwenda juu, anaandika tena. Namba zikishuka kadiri anavyopanda, maji yanatoka chini. Zikiwa kubwa kuzunguka sehemu moja tu, anashuku bomba. Zikiwa kubwa juu na kupungua chini, anatazama paa. Anayechomeka mara mbili, kikalia, akageuka kukutazama usoni, hicho kwake ni ngoma tu.

Maneno "ukungu mweusi wa sumu" yana historia yake. Aina inayotajwa hivyo huko Marekani ni Stachybotrys chartarum, inayopenda karatasi na mbao zilizoloa muda mrefu, mfano jipsamu ya dari iliyokaa chini ya bati linalovuja. Ukungu mweusi unaoota kwenye ukuta uliopakwa rangi mara nyingi ni wa aina nyingine, na hakuna binadamu anayeweza kutaja aina kwa kutazama rangi yake. Wala huna haja ya kuijua. Kwa mtoto mwenye pumu ukungu wa aina yoyote ni mbaya, na hatua ni ileile: uondolewe, na maji yazibwe.

Mwingine atakuja na "kipimo cha hewa", akuambie kiwango chako kimepita kinachoruhusiwa. Muulize kinachoruhusiwa na nani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, halikuweka kiwango cha namba. Lilisema unyevu wa kudumu uzuiwe. Marekani nako serikali kuu haina kiwango cha mbegu za ukungu hewani, na shirika lao la mazingira, EPA, linasema ukungu ukionekana kwa macho, kwa kawaida hakuna haja ya kupima. Vile visahani vya kuachwa wazi mezani usiku kucha navyo visikutishe. Mbegu za ukungu zimo katika kila hewa, kwa hiyo kisahani kitaota nyumbani kwako, kwa jirani, na hata nyumbani kwa muuzaji mwenyewe.

Onyesho la chupa

Kama hawajakufanyia, watakufanyia wakirudi. Mmoja wao anatoa chupa ya kunyunyizia isiyo na lebo, anapuliza kona nyeusi, anakuomba usubiri. Ndani ya dakika mbili weusi umetoweka na ukuta umekuwa mweupe. Mama mwenye mtoto anayekohoa akiona hivyo anatoa pesa. Ilivyo, kilichomo kinaweza kuwa Jik ya kawaida iliyoongezwa maji na harufu. Jik inafuta rangi ya ukungu upesi sana, ndiyo maana hata wewe unaweza kuitumia kama kipimo, lakini kufuta rangi si kuondoa. Mabaki ya ukungu uliokufa yakibaki ukutani bado yanaweza kumsumbua mwenye pumu. Kinachotakiwa ni kuyasugua na kuyatoa nje ya nyumba. Kwa sababu hiyo EPA haipendekezi dawa za kuua ukungu kama njia ya kawaida ya kusafisha, na hivyo kazi ambayo yote ni kupuliza, bila kusugua wala kubomoa kitu, ni nusu ya kazi kwa bei ya kazi nzima.

Kuhusu "dawa kutoka nje", omba uone chombo chake kikiwa hakijafunguliwa. Lebo iwe na jina la kiambato, jina la mtengenezaji, kipimo cha kuchanganya, tarehe ya mwisho, na maneno yanayoonyesha inaruhusiwa ndani ya nyumba. Viuatilifu vinasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na mtu wa kupulizia kibiashara anatakiwa awe na kibali. Hapa kuna hatari moja ya kwetu. Mkoa wenye wakulima wa mboga kama wa Lushoto una maduka mengi ya pembejeo, na dawa ya ukungu wa nyanya, kwa mfano ya mankozebu, ni rahisi kuipata. Imetengenezwa kwa ajili ya majani shambani. Mtu asikupulizie hiyo chumbani kwa mtoto kwa sababu tu kwenye pakiti imeandikwa "ukungu". Mashine za ozoni nazo ziepuke: kwa kiwango kisichodhuru mapafu haziondoi ukungu, na kwa kiwango kikubwa zinadhuru mapafu.

Dhamana ya miaka kumi haina thamani ikiwa haijaandikwa inamlinda nani na dhidi ya nini. Ukuta ukiloa tena watasema "hayo ni maji, sisi dhamana yetu ni ya dawa". Na bei ya wiki hii tu ni mbinu ya sokoni. Ukuta uliokaa na unyevu masika nzima unaweza kusubiri siku kumi za kuulizia.

Kabla hujamwita mtu yeyote

Tafuta maji mwenyewe kwanza. Utaokoa pesa, na utakuwa na la kumuuliza fundi.

Kata kipande cha nailoni au karatasi ya foili, sentimita 30 kwa 30, ukibandike ukutani kwa utepe wa gundi (selotepu) pande zote nne pasibaki upenyo. Kiache siku mbili. Ukikuta matone nyuma ya nailoni, upande wa ukutani, maji yako ndani ya ukuta. Yakiwa mbele, upande wa chumbani, maji yanatoka kwenye hewa. Fanya hivyo sebuleni na chumba cha watoto siku moja. Tunatarajia majibu mawili tofauti.

Kisha bomba. Usiku watu wakilala funga koki zote pamoja na ile ya kujaza tanki, soma mita ya maji, isome tena baada ya saa mbili. Ikisogea, kuna bomba linavuja, na hakuna dawa ya kupuliza itakayoliziba. Kama maji hayatoki usiku huo kipimo hiki hakina maana, subiri siku yanapotoka. Kwa mabomba yanayoshuka kutoka tankini weka alama ya kalamu kwenye tanki, ufunge koki zote, utazame asubuhi.

Zunguka nyumba kwa nje mvua inaponyesha. Tazama maji ya bati yanaangukia wapi, udongo umefika wapi ukilinganisha na sakafu ya ndani, kama bafu la jirani au karo liko nyuma ya ukuta huo. Kwa wenye kiyoyozi: ukikiweka nyuzi 18, ukuta unapoa mno, na hewa yenye mvuke ikiingia kutoka korido inatua juu yake. Nyuzi 25 au 26 zinatosha. Chujio lioshwe mara kwa mara na bomba lake la kutoa maji lisiwe limeziba.

Nani wa kumwita

Kuondoa ukungu majumbani hakuna bodi yake hapa nchini, kwa hiyo anayejitambulisha kuwa "amesajiliwa kuondoa ukungu" muulize amesajiliwa wapi. Kila karatasi inathibitisha jambo lake tu. Usajili wa BRELA unaonyesha kampuni au jina la biashara lipo. TIN ni ya kodi. Leseni ya biashara ya Halmashauri ya Jiji inaruhusu kufanya biashara. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema mtu anajua ukuta. Cheti cha VETA cha uashi au bomba kinakaribia zaidi. Ikiwa kazi inahusu kubomoa na kujenga upya kwa kiasi kikubwa, tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, na uhakiki namba yake kwao, usiishie kwenye nakala aliyokuja nayo. Wengine wanaonyesha cheti cha IICRC cha Marekani. Hiyo ni taasisi ya kweli, inayotoa vyeti vya ukaguzi, usafishaji na ukarabati, ila cheti hupewa mtu kwa jina, hivyo jina liwe la huyo atakayesimama ndani ya nyumba yako.

Chanzo cha maji ndicho kinachokuchagulia fundi: bati linavuja, fundi paa, mita inasogea, fundi bomba, chumvi chini ya ukuta, mwashi, hewa imefungwa, pengine huhitaji fundi kabisa.

Kuna kanuni moja ya wenzetu inayofaa kuigwa. Jimbo la New York, tangu 2016, sheria inamkataza anayekagua ukungu kuwa ndiye atakayeuondoa kwenye kazi hiyohiyo. Texas na Florida nako vivyo hivyo. Sababu iko wazi: anayelipwa kwa ukubwa wa ugonjwa ataukuta mkubwa kila anapopima. Tanga huna sheria ya kukulinda hivyo, lakini unaweza kujiwekea. Mlipe mwashi mzoefu au fundi sanifu pesa ya ukaguzi pekee, na mwambie mapema kwamba kazi yenyewe atafanya mwingine. Ushauri wake utabadilika ajabu.

Kwenye simu muulize maswali machache tu. "Utaanzia wapi?" Akijibu kwa jina la dawa, muage. "Plasta utabomoa hadi wapi, na utasubiri muda gani kabla ya kuipiga upya?" Akisema siku hiyohiyo, muage. "Mchanga utatoa wapi?" Na "Naweza kuona kazi yako iliyopitiwa na masika moja?" Picha za simu hazitoshi, kwani rangi mpya hupendeza kwenye picha siku zote. Mwashi anayefanya kazi Ngamiani au Makorora miaka yote atakuwa na nyumba mbili tatu za kukupeleka.

Makadirio ya kweli yanavyokuwa

Kwa sebule yako, karatasi ya makadirio ingetaja mambo haya kwa mpangilio, na usipoyaona yaulizie. Nje kwanza: udongo ushushwe angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, gata ifungwe, na maji yake yapelekwe mita moja au zaidi kutoka ukutani. Ndani, plasta ibomolewe hadi sentimita 30 juu ya alama ya mwisho ya unyevu, maana chumvi imeshapanda kuliko macho yanavyoona. Viungo vya matofali vikwanguliwe, chumvi isuguliwe kwa brashi kavu na unga wake utolewe nje. Anayeosha chumvi kwa ndoo ya maji anairudisha ndani ya tofali.

Halafu kusubiri, na hapa ndipo mafundi wengi waaminifu huharibu kwa sababu mteja ana haraka. Ukuta ulioloa hukauka polepole. Kipimo cha kukadiria ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Uache wazi, ufungulie madirisha, urudie kipimo cha nailoni. Nailoni ikikaa siku mbili bila tone, plasta ipigwe kwa mchanga wa mtoni: saruji sehemu moja, chokaa moja, mchanga sita. Rangi isubiri siku 28 na iwe ya maji au chokaa. Ya mafuta itafunga unyevu uliobaki na utaona malengelenge. Kama nyumba ingekuwa ya zamani, ya mawe na chokaa, saruji isingeguswa kabisa. Chokaa moja kwa mchanga tatu, kwa sababu saruji kwenye ukuta wa namna hiyo hufunga maji ndani na kuyapandisha juu zaidi.

Fundi akipendekeza kukata ukuta na kuingiza nailoni ya kuzuia unyevu, ile wanayoiita DPC, inawezekana, lakini ikatwe vipande vifupi vya kupokezana, kipande kimoja kizibwe na kukaza kabla ya kinachofuata. Akitaka kukata ukuta wote kwa mpigo, mtoe nje. Kuna pia wanaopendekeza vigae hadi kiunoni au jipsamu mbele ya ukuta. Inapendeza mwaka mmoja. Maji hayajaambiwa yaache, yatatokea juu ya kigae cha mwisho.

Jambo la kukataa kabisa: kama paa au dari yako ni ya karatasi ngumu za kijivu za zamani, zile za asbesto, asiikwangue mtu ukungu wake kwa brashi ya chuma wala kuiosha kwa mashine ya presha. Nyuzi zake zikiingia mapafuni zinaua baada ya miaka mingi. Asiyeuliza paa limetengenezwa kwa nini kabla ya kupanda hafai kupanda.

Chumba cha watoto unaweza wewe mwenyewe

Pima eneo lenye madoa. EPA inaweka mpaka wa futi 10 za mraba, karibu mita moja ya mraba; chini ya hapo mwenye nyumba anaweza kusafisha mwenyewe. Kwako inaelekea kuwa chini ya hapo. Watoto wawe kwa bibi siku hiyo, na mwenye pumu asirudi mpaka chumba kikauke na harufu iishe. Funga mlango, fungua dirisha, zima feni. Vaa glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, na barakoa ya N95, kwani ya kitambaa haizuii mbegu. Usifagie wala kusugua kukavu. Lowesha kwa maji ya sabuni, sugua, futa, badilisha maji, rudia mpaka kitambaa kitoke safi. Ukitaka kumalizia kwa Jik, robo lita kwa lita nne za maji, iache dakika kumi, futa kwa maji safi. Usiichanganye kamwe na dawa ya chooni yenye asidi, siki, limao wala amonia, kwa kuwa inatoa gesi inayoziba pumzi. Matambara yafungwe kwenye mfuko na kutupwa.

Mgongo wa kabati ukiwa wa ubao wa maranda na umeota, ung'oe utupwe, hausafishiki. Godoro lililoota nalo hivyohivyo. Rudisha kabati likiwa sentimita 10 kutoka ukutani, miguu juu ya vipande vya tofali, na dirisha liwe wazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, muda ambao hewa ya nje ina unyevu mdogo zaidi. Madoa yakirudi palepale baada ya hapo, tatizo ni maji usiyoyaona, na sasa mkaguzi ana kazi. Mtoto apelekwe kituo cha afya au hospitali ya Bombo kwa pumu yake, asisubiri ukuta, na dawa zake zisipunguzwe kwa kuwa nyumba imesafishwa.

Pesa

Kianzio cha asilimia 70 kwa kazi ya kupuliza hakina sababu. Nunua vifaa mwenyewe dukani na utunze risiti, kisha ufundi ulipwe kwa hatua: sehemu baada ya kubomoa na kusafisha, sehemu baada ya plasta, na asilimia 10 ibaki mkononi mwako mpaka mvua ya kwanza kubwa ipite. Mwaminifu atanung'unika kidogo, atakubali. Andikeni karatasi moja yenye majina kamili, namba za vitambulisho vya NIDA, kazi iliyokubaliwa, hatua za malipo na saini ya shahidi. Ofisi ya serikali ya mtaa inatosha kuishuhudia. Lipa kwa simu au benki kwa jina lilelile lililo kwenye mkataba, na meseji ya muamala usiifute.

Kama umeshatoa kianzio, waandikie leo kwa meseji kwamba unasitisha na unataka pesa irudishwe, utaje kiasi na tarehe. Wakikaa kimya, nenda polisi na meseji hizo. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai. Ukitaka pesa yenyewe, Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya kiasi kama hiki na huhitaji wakili.

Kwa ratiba, chumba cha watoto kifanyike wiki hii. Sebule ibomolewe plasta mapema katika kiangazi hiki ili ukuta upate miezi ya kukauka, na gata iwe imefungwa kabla vuli haijaanza Oktoba. Ukuta usipokauka kufikia hapo, uache bila plasta mpaka kiangazi kingine, hata kama wageni wa sikukuu watauona ukiwa wazi.